Siombi Radhi kwa Viazi Vitamu

Wiki iliyopita mjukuu wangu Nasra alirudi kutoka kazini na kisanduku cha plastiki, akakiweka mbele yangu juu ya meza ya jikoni hapa Ilford, akaanza kunifundisha namna ya kula sushi.

"Bibi, hii ya kijani usiile yote, it's very hot," akaniambia. "Chovya kidogo tu."

Mtoto huyu nimemlea mwenyewe. Anajua kwamba bibi yake alifanya kazi jikoni, lakini jikoni gani hakuwahi kuuliza, na mie kila nikitaka kuhadithia simu yake hulia. Nikakitazama kile kisanduku. Wali ulikuwa wa baridi, umetoka kwenye friji, na hilo ni kosa la kwanza. Jodari alikuwa amekatwa kwa kufuata nyuzi za nyama badala ya kuzivuka, na hilo ni kosa la pili. Nikala, nikamwambia ahsante. Kisha nikamuuliza, na ile mihogo ya nazi niliyokufungia asubuhi, na kile kipande cha samaki wa kukaanga, vimekwenda wapi?

Akainamisha kichwa. Kumbe alikiacha kibakuli changu ndani ya friji yetu, nyuma ya maziwa, siku ya tatu mfululizo.

"Ofisini watu wanaangalia, Bibi. It smells. Na wenzangu wote wananunua."

Basi haya nayaandika kwa ajili ya Nasra, na kwa ajili yenu nyote mnaopanda treni asubuhi kwenda kwenye majengo ya vioo, mkaona haya kufungua bakuli la nyumbani. Nimefanya kazi katika mkahawa wa Kijapani katikati ya London miaka ishirini na sita. Nilianza kwa kuosha vyombo, nikamaliza nikiwa na kisu changu mwenyewe na mahali pangu mbele ya wateja. Habari ya chakula na cheo naijua, tena sikuisoma popote. Niliiona kwenye sahani chafu. Leo wekeni simu chini mnisikilize.

Kazi ile aliniingiza jirani yangu wa Thornton Heath, tulikokuwa tukikaa wakati ule, Mama Atieno, Mkenya wa Kisumu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Mume wangu alikuwa ameanza kuugua figo na kazi yake ya basi imekwisha, na watoto wetu wawili, Salim na Zuhura, walikuwa wanakwenda skuli. Atieno akaniambia, "Mama Salim, kwetu kazini kuna sinki mbili na mtu mmoja, na huyo mmoja ni mimi. Kuja kesho." Nikaenda. Mkuu wa jiko alikuwa Bwana Hirano, mfupi, kimya, kila mtu akimwita Taisho, kwa Kijapani ndiyo kusema mkubwa wa pale. Hakuniuliza cheti wala nimetoka wapi. Aliigeuza mikono yangu akaitazama viganja, akanionesha sinki.

Sasa nikwambieni, mtu anayeosha vyombo ndiye anayejua mambo. Mhudumu anajua watu wameagiza nini, mpishi anajua amepika nini, lakini kilicholiwa hasa anakijua mwenye sinki peke yake. Miaka ile makampuni ya Kijapani yalikuwa tele London, na wakubwa wao walileta wageni na vijana wao kula kwetu. Baada ya miezi michache nilikuwa naweza kutazama sahani nikakwambia mwenye nayo amekaa kiti gani.

Kwao mkubwa hukaa mbali na mlango. Mdogo kabisa hukaa mlangoni, ndiye anayemimina vinywaji na kuita mhudumu. Mkubwa akiagiza, wadogo huagiza kama yeye au chini yake. Juu yake, haiwezekani. Tulikuwa tukiuza mkunga, yule samaki mrefu wa kama nyoka, juu ya wali ndani ya kisanduku, kwa daraja tatu zenye majina ya miti: msonobari ndiyo ya juu, mwanzi ya kati, na plamu ya chini. Basi siku mkurugenzi akiwa hana njaa akaagiza plamu, meza nzima inakula plamu, na vijana wenye njaa zao wanatabasamu. Mara moja kijana mgeni, kafika London wiki ile ile, aliagiza msonobari baada ya bosi wake kuagiza mwanzi. Mhudumu alikuja jikoni akalieleza jambo hilo kwa sauti ya chini kama mtu anayetoa habari ya msiba. Taisho akapika mwanzi. Yule kijana alipelekewa mwanzi, akala mwanzi, na hakuna aliyemwambia kitu.

Sahani za wadogo zilirudi safi, lakini si kwa kushiba. Mkubwa akiweka vijiti chini, wote huweka, hivyo wadogo walikula mbio. Sahani za wakubwa zilirudi na wali haujaguswa, kwani mtu mkubwa alikuwa ameshakunywa na kula samaki, na kushiba wali ni mambo ya wanafunzi na makuli. Na tumbo la jodari, lile lenye mafuta, lilikuwa la wakubwa peke yao. Siku moja nilimuuliza Taisho kwa nini kipande kile kinaheshimiwa hivyo. Akacheka, jambo la nadra. Akaniambia babu yake alikuwa muuza samaki, na zamani tumbo la jodari halikuwa na mnunuzi, linaoza upesi, maskini walilichemsha na paka walipewa kilichobaki. Samaki ni yule yule, na bahari ni ile ile. Waliobadilika ni walaji. Nikasema moyoni, ahaa, kumbe hata huku.

Na jikoni kwetu je? Mnadhani sisi tulikuwa ndugu? Chakula cha wafanyakazi kilikuwa na foleni yake. Taisho kwanza, kisha mkata samaki, kisha wa tanuri, kisha wahudumu, na mwisho Atieno na mie, tunapata supu ya chini ya sufuria na ukoko. Supu ile sikuinywa hata mara moja, maana waliitia pombe ya mchele. Nilikuwa nachukua wali na kichwa cha samaki kilichokusudiwa kutupwa, nakichoma kwa chumvi na ndimu, nakula nimesimama. Wale vijana wa Kijapani walinionea huruma. Mie nikiwaonea huruma wao, maana nyama ya shavuni hawajui utamu wake.

Kwa nini sikuona haya kula ukoko na vichwa, hilo linataka kuelezwa. Mie natoka Unguja. Niliolewa huko, na nimekaa kwenye foleni huko. Baada ya mapinduzi ikaja miaka ambayo mchele ulikuwa wa kupimiwa, unaamka alfajiri na kikapu, unarudi na vikombe viwili vitatu, au unarudi na kikapu. Tulikula muhogo asubuhi, viazi vitamu mchana, na usiku kilichobaki kati ya hivyo viwili. Mama yangu alikuwa mtu wa kupika biriani za harusi, na katika miaka ile aliona haya kupita kiasi. Mgeni akipiga hodi, alikuwa anafunika sufuria ya muhogo kwa kanga. Nilikuwa msichana mkubwa, nikamuuliza, "Mama, unamficha nani? Na wao wanakula huo huo." Akaivuta kanga ikafunika mpaka chini. Ile kanga juu ya sufuria imenikera maisha yangu yote. Nilipofika London niliapa kuwa sitofunika sufuria yangu.

Nakuja kwenye kosa langu sasa, lakini kwanza pweza, kwa sababu bila ya pweza kosa lisingekuwa na uzito.

Nilikuwa na miaka mingi kwenye sinki nilipomsikia Taisho akilalamika pweza mgumu. Alikuwa anamsugua kwa chumvi, anamkanda kama unga, na bado mteja anatafuna mpaka taya zinauma. Nikamwambia niachie mmoja. Nikatoka naye uani, kwenye ngazi za zege, nikamshika kichwa nikampiga kama tupigavyo kwetu, mara arubaini, hamsini, mpaka povu linatoka. Wakati ule ule mbele kuna mabwana wanne wanakula kimyakimya, na kelele zinapenya ukutani, pwa, pwa, pwa. Mhudumu alikimbia akidhani nampiga Atieno. Taisho alimchemsha yule pweza, akakata kipande, akatafuna, akakata cha pili. Siku ya pili akaja kusimama karibu na sinki langu. Akaniita kwa heshima ya kwao, "Raya-san, mwezi ujao utakuja kwenye ubao wa kukatia samaki." Basi, hivyo tu. Niliendelea kuosha, machozi yakaingia kwenye povu la sabuni. Ubao wa samaki ulikuwa mshahara mwingine kabisa, na mume wangu wakati huo alikuwa wa kwenda hospitali mara tatu kwa wiki.

Ule mwezi ujao ukawa Ramadhani. Mwaka ule iliangukia mwezi wa tatu, jua linazama saa kumi na mbili na kitu, wakati mkahawa umefungua lakini wateja hawajafika. Nilikuwa nabeba futari yangu kutoka nyumbani, viazi vitamu vilivyopikwa kwa nazi ya kopo na iliki. Viazi na nazi nikinunua kwa Mhindi mmoja aliyetoka Kampala, mwenye duka pale Thornton Heath, ambaye kila siku aliniambia kwa Kiswahili chake, "Mama, hii nazi kopo iko bure kabisa, lakini fanya nini?" Nilivipasha moto, nikakaa kwenye kijibenchi mwisho wa jiko, mahali ambapo pazia likifunguka unaiona kaunta ya mbele.

Magharibi moja nimekwisha kutia tende mdomoni, nikatazama, nikamwona mtu amekaa kwenye kaunta peke yake. Alikuwa Bwana Sakuma, mkurugenzi wa kampuni moja ya bima, mteja wetu mkubwa kuliko wote. Kila Alhamisi alikuja na watu wake, jumla wanane. Siku ile alikuwa amewahi. Mtu wa umri wa miaka sitini hivi, nywele nyeupe, kanyooka, na mbele yake hakuna kitu, hata chai haijafika. Macho yetu yakakutana.

Nyinyi mmezaliwa huku, labda hamjui, kwa hivyo naeleza. Kwetu huwezi kufungua saumu mtu anakutazama mikono mitupu. Huulizi ni dini gani, huulizi ana cheo gani. Unasema karibu, na unampa. Sikufikiri hata kidogo, mkono ulikwenda wenyewe. Nikachukua bakuli dogo la kibuluu, nikatia viazi vipande vinne na tui lake zito, nikapita pazia, nikamwekea mbele kwa mikono miwili, nikasema, "Karibu futari." Kwa Kiswahili, hasa! Nikarudi jikoni kumalizia tende zangu.

Sikujua kilichofuata mpaka niliposikia viti vinasukumwa. Vijana wake walikuwa wamefika. Walimkuta mkurugenzi wao kainamia bakuli. Alisimama, akasema maneno mawili kwa Taisho, akachukua koti, akatoka, na watu wake wote nyuma yake. Samaki wa watu wanane alikuwa tayari amekatwa.

Taisho aliingia jikoni uso umempauka. Hakupiga kelele, na bora angepiga. Akaniambia, "Unajua umempa nini yule?" Nikamwambia viazi. Akaniambia watu wa umri ule walikuwa watoto wakati wa vita. Mchele ulikwenda kwa wanajeshi na kwa wenye uwezo, na watoto wa mji walikula viazi vitamu, na vilipokwisha walikula majani yake, na yalipokwisha walikula vikonyo. Wengi wao wameapa kuwa hawatovigusa tena mpaka kufa. "Unamwekea mkurugenzi viazi mbele ya vijana wake," akasema. "Ni kama kumvua nguo barabarani."

Hapo nilikaa kitako juu ya benchi. Nilikuwa nimeumia kwa kweli, maana kile alichoniambia nilikijua. Nilimwona mama yangu na kanga yake juu ya sufuria.

Kisha Taisho akasema la pili. Kesho saa nne tutakwenda ofisini kwa Bwana Sakuma. Nitainama mpaka kichwa kifike magotini, na nitasema kwamba mimi ni mwanamke mjinga, na nilimpa takataka ya jikoni, chakula kisichofaa kwa mtu. Nikisema hivyo, huenda Alhamisi zikarudi na mimi nikabaki. Nisiposema, sina ubao wa samaki, na sinki pia sina.

Nikarudi kwenye sinki, maana vyombo haviulizi habari. Na pale kati ya vyombo nikalikuta lile bakuli la kibuluu.

Lilikuwa tupu. Hakuna kiazi, hakuna tui. Na ukingoni kwa ndani kulikuwa na mchirizi, mahali ambapo kidole kimepita kukomba lile tui zito, kama afanyavyo mtoto anayeogopa kunyang'anywa. Nililishika muda mrefu. Atieno akaniuliza, "Mama Salim, unasoma gazeti?" Nikaliosha nikaliweka kando, peke yake. Yule bwana hakukasirika kwa kupewa viazi. Alikasirika kwa kukutwa anavila.

Tuliporudi na treni usiku ule Atieno alinishauri kwa nia njema. "Si useme tu hiyo maneno, halafu urudi kazi? Kwani utapungukiwa na nini? Mimi huwambia pole watu ambao hata sijawakosea." Sikumwambia habari ya bakuli. Mume wangu nilimwambia kila kitu. Alikuwa amelala, mashine ya kusafisha damu imemchosha siku ile. Akaniambia, "Raya, fanya uwezalo kulala nalo." Halafu akaniuliza kama vimebaki viazi.

Asubuhi nikavaa baibui langu zuri. Taisho alikuwa amevaa suti, na mkononi ana tikiti tamu moja ndani ya sanduku la mbao, limelazwa juu ya karatasi laini kama mtoto mchanga. Kwao tikiti la namna ile si tunda la kula. Ni la kumpa mtu aliye juu yako. Njiani akanifanyisha mazoezi ya maneno. "Mjinga," akasema. "Mjinga," nikarudia. "Takataka." Hapo nikanyamaza. Akadhani nimesahau neno.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya juu kabisa. Bwana Sakuma amekaa nyuma ya meza, na vijana wake wawili wamesimama, wale wale waliokuwapo jana. Taisho akainama mpaka nikaona kisogo chake, akaweka tikiti mezani, akasema maneno mengi. Kisha akanigeukia.

Niliinama kidogo, kadiri ninavyomwinamia mtu mzima yeyote. Nikasema kwa Kiingereza changu, na mie Kiingereza changu kikipanda hakishuki:

"Bwana Sakuma, sikujua yaliyokupata ulipokuwa mtoto. Kwa hilo nasikitika, na nasikitika kutoka moyoni. Lakini sikukupa takataka. Nilikuwa nimefunga tangu alfajiri, na kile kilikuwa chakula changu mwenyewe. Kwetu mtu hali mbele ya mwenzake bila ya kumkaribisha. Na mimi pia nimekula viazi na muhogo miaka ambayo mchele haukuwepo. Nimekula mpaka nikavichukia. Sitosema ni chakula kibaya. Ndicho kilichoniweka hai nikafika hapa kukuoshea sahani zako."

Taisho alikuwa bado ameinama, na mgongo wake ukakakamaa. Kijana mmoja akapiga hatua kuja kwangu, kunitoa nadhani. Bwana Sakuma hakumtazama. Alikuwa ananitazama mie.

Wanangu, kwenye ulimi wangu palikuwa na neno moja. Ulikula chote. Ningelisema tu, mbele ya vijana wale, basi ningeshinda, na kazi ingekwenda na heshima yake ingekwenda nayo. Alijua kwamba najua. Nililiona hilo usoni kwake, kwani mtu mzima anayengojea kuaibishwa huonekana. Nikalimeza. Nilikataa kujidhalilisha, lakini sikuwa na haja ya kumdhalilisha mtu aliyekula kwangu. Hayo ni mambo mawili, na nyinyi vijana mara nyingi mnayachanganya.

Bwana Sakuma akalitazama tikiti. Kisha akauliza, "Ile nyeupe ilikuwa nini?"

"Tui la nazi."

"Nazi," akasema. Akatazama meza yake. Halafu akasema taratibu, na sijui alikuwa anamwambia nani, "Sisi hatukuwa na nazi."

Vijana wake wawili wakatazama viatu vyao. Nadhani ilikuwa mara yao ya kwanza kusikia kuwa bosi wao amewahi kukosa kitu. Yeye akalisukuma lile sanduku la tikiti kwa Taisho, akamwambia alipeleke jikoni. Kwa kijana wa kulia akasema, "Alhamisi, watu wanane, kama kawaida." Tukatoka.

Alasiri ile alilikata tikiti mwenyewe, kwa kisu chake cha samaki, vipande sawasawa, na hakuanza na mkata samaki. Alianza na Atieno, ambaye alikipokea na kusema, "Leo dunia imepinduka, ama?" Kipande changu kiliwekwa kwenye sahani kando mpaka magharibi. Na nikaona Taisho na chake amekiweka kando. Jua lilipozama nikatia tende mdomoni, nikamkaribisha, akaja kwenye kijibenchi, tukala tikiti pamoja. Jumatatu iliyofuata nilikuwa kwenye ubao wa samaki.

Yapo mengi ya miaka iliyofuata. Nilijifunza kuosha mchele mpaka maji yawe safi kama ya bomba, kunoa kisu kwa upande mmoja, kumtoa mwiba samaki kwa kumpapasa na vidole. Nilipotolewa mbele kwenye kaunta, mzungu mmoja aliniuliza mpishi wa kweli yuko wapi. Nikamwambia, "Umemwona. Utakula nini?" Kisha makampuni yakafunga mikoba, wakurugenzi wakarudishwa kwao, na Bwana Sakuma akastaafu akaondoka. Mpaka Alhamisi yake ya mwisho viazi hakuviagiza hata mara moja, wala mie sikumpelekea. Wateja wetu wakawa makarani na madereva, na Taisho akalazimika kupika dagaa, vichwa vya samaki na wali uliochanganywa na shayiri, vyakula ambavyo yeye mwenyewe aliviona vya kimaskini. Nani alimwongoza? Mie na vichwa vyangu vya chumvi na ndimu. Na siku hizi mkienda kwenye mikahawa ya wenye fedha mtaikuta ile ile shayiri na vile vile viazi, vimewekwa kimoja kimoja juu ya sahani kubwa, na watu wanavipiga picha. Kesho mtasikia ni zamu ya muhogo, na wewe Nasra utaununua kwenye kisanduku cha plastiki ukaniletea nyumbani unifundishe kuula.

Hayo yote nilimwambia usiku ule, simu yake nimeiweka chini ya kitambaa cha mkate. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama kweli nilimpiga pweza mara hamsini.

Asubuhi nikamfungia viazi vitamu vya nazi, na safari hii nikatia ndani ya bakuli la kibuluu, maana siku niliyostaafu Taisho alilifunga kwenye gazeti akanipa. Nikamwambia, "Ufungue mezani, mbele za watu, na mtu akikutazama mwambie karibu." Akasema, "Bibi, please." Lakini akalitia mkobani.

Jioni akarudi, akaliweka bakuli kwenye sinki. Nikamuuliza vipi. "It was okay," akasema, akapanda ngazi kwenda chumbani kwake.

Nikafungua bomba, kisha nikalifunga tena, nikaliinua bakuli kwenye mwanga. Lilikuwa tupu. Ukingoni kwa ndani palikuwa na michirizi ya vidole vitatu, na vidole vyenyewe, kwa upana wake, havikuwa vya mtu mmoja.